Kifuko Cheusi cha Ajenda ya Mjomba

Juzi nilirudi Buyenzi, mtaa niliokulia, baada ya miaka mingi, na kitu cha kwanza kilichonisimamisha barabarani hakikuwa msikiti wala nyumba yetu. Ulikuwa ubao wa kijana anayeuza makava ya simu. Alikuwa ameyapanga ya kila rangi, naye aliponiona nimevaa vizuri, akaniteulia jeusi la ngozi, lenye kifuniko cha kubonyeza na kitanzi cha kupitisha mkanda. Akasema hilo ndilo la watu wa heshima zao. Nikalishika, halafu nikalirudisha haraka kiasi kwamba kijana alidhani nimeona kasoro. Nikachukua la waridi lenye maua, la watoto wa shule. Alinicheka, na nilimwacha acheke. Wewe ndugu yangu, keti nikueleze, maana yeye sikumweleza.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, kwa sababu mama yangu aliolewa tena ng'ambo ya mpaka, Uvira. Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na mjomba wangu ambaye alikuwa hajaoa na alikuwa akijipenda sana. Nyumba ya bibi ungeijua hata ukiwa umefumba macho, kwa vile kila ulichogusa kilikuwa kimevishwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma. Chupa ya chai ilikuwa na gauni lake, viti vilikuwa na vilemba vyao, na hata saa ya ukutani, ambayo haikuwa ikitembea, ilikuwa na pindo la maua. Ndivyo walivyofanya wanawake wa rika lake pale mtaani. Kitu kikiingia nyumbani bila vazi, ilionekana mwenye nyumba ni mvivu au hakipendi. Jioni walikaa barazani na sindano zao, wakafuma na kusengenya, na sijui kipi kati ya hivyo viwili walikifanya kwa ustadi zaidi.

Buyenzi ya wakati ule wa vita ilikuwa mtaa wa nyundo. Watu wakishatoka sala ya alfajiri na kunywa chai na mandazi, mafundi walianza kunyoosha mabati ya magari, na tulizisikia nyundo zao mpaka jua linapozama upande wa ziwa. Sisi watoto tulisoma na kulala katikati ya kelele hiyo. Nyundo ndizo zilizotupa habari kabla ya redio. Zikigongwa, mji umetulia. Zikinyamaza kabla ya adhuhuri, kina mama walitoka milangoni wakaita watoto wao bila kuuliza sababu, maana sababu ilikuwa moja tu na ilikuwa ikishuka kutoka milimani. Mpaka leo nikiwa mahali penye ujenzi, mafundi wakienda kula, moyo wangu huanza kudunda. Nacheka mwenyewe, lakini unadunda.

Mjomba alifanya kazi na shirika moja la misaada lililochanja watoto vijijini. Alipanda na gari lao kwenda mikoani, akakaa siku kadhaa, akarudi amejaa vumbi jekundu. Barabara ile ya kupanda milima kila mtu aliiogopa. Magari yalikuwa yakivamiwa, na asubuhi ulimuaga mtu ukiwa hujui kama jioni utamwona. Bibi alimwomba mara nyingi atafute kazi ya kukaa ofisini. Mjomba alikuwa akimjibu kwamba watoto wa kuchanjwa hawako ofisini.

Siku moja alirudi na kitu mfukoni, akakiweka juu ya meza kwa madaha, akatuangalia. Alikuwa amepewa na daktari mkubwa wake, mkazi wa mtaa wa Kinanira, aliyekuwa akifunga virago kuhama nchi. Kilikuwa kidude cha kijivu cha kutosha kiganja, chenye kioo cha rangi ya kijani. Mjomba akatuambia ni ajenda ya elektroniki. Unaandika kwa kijiti juu ya kioo, nayo inakumbuka majina, tarehe na hesabu, na saa ukiipangia inalia yenyewe. Mimi nilitaka kukigusa, akanipiga kofi la mkononi, la upole.

Bibi alikigeuza juu chini, akakipima kwa macho. "Hiki kitu kiko uchi," akasema. "We unakipeleka wapi ivi?"

Na kweli kilikuwa uchi. Daktari alikuwa ameshapoteza kile kijiti, hakukuwa na mfuko wa kukitia, kioo kilikuwa kimeanza mikwaruzo, na betri zilikuwa zinakaribia kuisha. Wiki iliyofuata mjomba alitakiwa kupanda mikoani, na hakutaka kupanda na kitu cha thamani bila vifaa vyake. Kwa hiyo Jumamosi aliniambia nivae viatu, twende tukakitafutie. Sijui kwa nini alinichukua. Nadhani alitaka mtu wa kumsikiliza.

Tulianza na betri. Tulikwenda katika duka moja la mtaa wa Wahindi, la mzee aliyetuuzia vitu tangu bibi akiwa msichana. Mjomba akaomba boksi zima la zile betri ndogo nyembamba. Mzee hakulishika. Alitazama mlangoni kwanza, kisha akamuuliza mjomba, kwa sauti ya chini, zote hizo ni za redio gani. Mimi sikuelewa, ila niliona mjomba anajifuta shingo. Siku zile mtu aliyenunua betri nyingi, au dawa nyingi, au viatu vingi vya mpira, hakuonekana ananunua kwa ajili yake. Ilisemwa kuna watu porini anaowapelekea. Mjomba akaitoa ajenda akaeleza, na mzee akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Chukua za leo," akasema. "Za kesho urudi kesho."

Tukatoka na zile tu zilizoingia ndani ya ajenda. Tulipoliacha soko nyuma, mjomba akaanza kupiga mluzi, lakini mluzi wenyewe haukuwa na wimbo.

Kijiti tulikipata nyumbani bila kutoka. Bibi alikuwa na sindano ya kufumia ya plastiki iliyovunjika, mjomba akaisugua ncha kwenye saruji ya uani mpaka ikawa laini, na ikaandika vizuri. Kioo tukakivalisha kipande cha nailoni ngumu kilichotoka kwenye boksi la shati lake la Idi. Kila kitu kilikuwa kikienda sawa, na mimi nilikuwa na furaha isiyo na kifani, kwa sababu aliniruhusu niandike jina langu. Bado nalikumbuka lilivyotokea, limepinda, chini ya kile kijiti.

Ikabaki kifuko. Mjomba hakutaka cha kufuma, na alilisema hilo mapema kabla bibi hajafungua mdomo. Alikwenda kwa fundi viti, yule aliyekuwa akishona viti vya mabasi karibu na mto Ntahangwa, akamchorea kwa kidole namna anavyotaka. Fundi akakata kipande cha ngozi nyeusi ya kiti cha gari, akakishona kwa uzi mnene, akatia kifuniko cha kubonyeza, na nyuma akaweka kitanzi cha mkanda. Alimuuliza mjomba anataka kikae kulia au kushoto. Mjomba akasema kulia. Ajenda ikaingia humo kama iliyozaliwa humo. Lazima niseme ukweli, kilikuwa kifuko kizuri.

Tuliporudi tulipita mbele ya benchi la wanywa kahawa. Wazee wale walikuwa hawanyamazi hata kwa mvua. Siku ile walinyamaza. Mmoja alishusha kikombe chake taratibu, mwingine akavuta miguu yake ndani ili tupite. Mbele kidogo mwanamke mmoja aliyekuwa akikaanga sambusa alimwita mwanawe karibu na sketi yake. Mjomba akaniinamia, akaniuliza kama nimeona watu wanavyoheshimu kazi. Nikamwambia nimeona. Niliona, ila nilitamani tutembee haraka.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Alituona tukiwa bado mbali, mikono yake ikasimama. Tulipofika kizingitini, akauliza:

"Nani alikupatia bastola?"

Mjomba alicheka sana. Akakifungua kifuko, akamtolea ajenda, akamwonyesha kitanzi na kile kifuniko. Bibi hakucheka. Aliweka ungo chini na kujifuta mikono.

"Mi niko mama yako," akasema, "na kwa mbali nimeona bastola. Ule wa kwa bariere ataona nini?"

Mjomba akamweleza kwamba akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani atakitoa awaonyeshe, waone ni ajenda tu. Bibi akamwambia, pole pole, jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile: "Ukipeleka mukono kwa mukanda, umekwisha. Hawangoje uwaonyeshe."

Usiku huohuo alichukua sindano. Alichagua nyuzi za njano, waridi na kijani kibichi, zile alizokuwa akifumia nguo za watoto wachanga, akafuma kimfuko kinene chenye ua kubwa katikati na kamba ndefu ya kuvaa shingoni. Mjomba alipokiona alishika kichwa. Alisema madereva watamcheka mpaka wafike mikoani. Alisema yeye si mtoto wa chekechea. Bibi aliendelea kukaza mafundo, na alipomaliza akajibu kwamba mtu anayechekwa hapigwi risasi. Siku nzima hawakusemezana vizuri.

Kulikuwa na jirani mmoja ambaye ukuta wetu na wake ulikuwa mmoja, fundi wa magari, kijana mcheshi aliyeishi na mama yake. Mama yake na bibi walikuwa hawaachani. Asubuhi chai moja, jioni baraza moja. Yeye fundi aliingia kwetu bila kubisha hodi, akajimiminia chai, akamtania mjomba kuhusu kila kitu. Alikuwa ndiye mtu pekee aliyeweza kumfanya bibi acheke wakati mizinga inalia.

Siku mbili tatu kabla ya safari, alasiri, mizinga ililia karibu. Tulilala chini kwenye ukumbi mwembamba, bibi juu yangu, mjomba ubavuni, na katikati ya ule utulivu unaokuja baada ya mlio, ajenda ikaanza kulia yenyewe kiunoni kwa mjomba. Ti-ti, ti-ti. Alikuwa ameipangia saa ya sala. Alihangaika nayo katika kiza cha ukumbi ule, ikawa haizimiki. Kutoka upande wa pili wa ukuta tulimsikia jirani akiuliza kwa sauti ya mzaha ni nani huko mwenye redio ya upepo, awaambie wenzake wapige pengine. Kwa kawaida tungecheka. Nilimsikia bibi anahema juu ya mgongo wangu, na mjomba akawa anaibana ajenda kwa viganja viwili mpaka ikanyamaza.

Asubuhi ya safari dereva alipiga honi nje. Mjomba alisimama katikati ya chumba na vifuko viwili mkononi. Kisha akakitundika kile cheusi kwenye msumari karibu na mlango, akavaa cha maua shingoni, akakificha ndani ya koti. Bibi akamfuata, akakivuta nje ya koti, akakilaza kifuani penye macho ya kila mtu.

"Huku nje," akasema. "Waone."

Gari lilikuwa halijafika mwisho wa barabara, jirani akaingia kwa chai yake. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye msumari. Alikichukua, akakigeuza, akakisifu mshono wake. Kisha akatoa mfukoni kipimo chake cha upepo wa matairi, kile cha mviringo chenye kioo, akakiingiza ndani. Kikaenea. Akakipitisha kwenye mkanda, akatembea pale chumbani kama bwana arusi, nami nikampigia makofi.

Akamuuliza bibi kama anaweza kukiazima mpaka mjomba akihitaji. Bibi alisita. Nilimwona akisita, akakitazama kile kifuko, akamtazama kijana. Jirani akalielewa jambo lile kwa namna yake, akamwambia asiogope: "Mama, mi sipandi mulima. Mi niko hapa hapa, watu wote wananijua."

Na ilikuwa kweli. Mtaa mzima ulimjua. Tena kumnyima jirani kitu ulichokitundika tu ukutani, pale kwetu ilikuwa aibu usiyoweza kuifuta. Bibi akamwambia achukue.

Siku ambayo mjomba alitarajiwa kurudi, nyundo zilinyamaza asubuhi. Kwanza zile za upande wa mto, halafu za katikati, halafu zote. Nilikuwa uani nasugua sufuria kwa majivu, nikasikia maji yanavyodondoka bombani. Bibi aliniita. Tukafunga mlango, tukakaa juu ya mkeka, yeye na tasbihi yake. Kwa mbali tulisikia milio upande wa kaskazini, si mingi. Chakula kilipoa bila kuguswa. Bibi hakuondoa macho mlangoni, na mimi sikuondoa macho kwake, maana niliamini kwamba akilia basi mjomba amekufa, na asipolia basi yu hai.

Alasiri tulisikia gari. Mjomba aliingia akiwa mwekundu kwa vumbi, na kimfuko cha maua kikiwa kifuani. Bibi alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua kama anavyokagua samaki wa sokoni, kisha akaanza kumgombeza kwa kuchelewa. Mjomba akakaa na kutusimulia. Walisimamishwa kwenye kona, na watu wenye bunduki ambao hakuwajua ni wa upande gani. Waliteremshwa wote, mikono juu. Mmoja alimsogelea, akakiinua kile kimfuko kwa ncha ya bunduki, akalitazama lile ua, akamuuliza yeye ni mama wa nani. Akacheka, na wenzake wakacheka. Wakawaambia waondoke. Mjomba alilisimulia hilo mara ya pili, na mara ya pili na yeye akacheka, na bibi akacheka huku machozi yanamtoka. Alinyanyuka kupasha ndagala na ugali wa muhogo. Sijawahi kuona furaha kama ile katika nyumba ile.

Sufuria lilikuwa bado jikoni tuliposikia yowe kutoka upande wa pili wa ukuta.

Jirani alikuwa ameitwa aende mtaa wa Kinama asubuhi, kutengeneza gari la mteja lililozimika. Si mbali, ni hapo tu ng'ambo ya mto, na yeye alikwenda huko mara nyingi. Wakati wa kurudi walikuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwepo. Fundi mwenzake, aliyenusurika, ndiye aliyeleta habari. Waliambiwa wasimame kwa mbali, wakasimama. Waliulizwa ni nani. Jirani akajibu kwamba yeye ni fundi wa Buyenzi, na ili waamini, akapeleka mkono kiunoni awaonyeshe kipimo chake. Ni nani waliopiga, sikusikia mtu akisema, na miaka ile watu walikuwa wameacha kuuliza.

Mjomba alisikiliza akiwa amesimama kizingitini kwao, katikati ya watu. Kisha akarudi kwetu mbio, akatazama msumari.

"Mama," akasema. "Iko wapi?"

Bibi alikuwa amekaa chini jikoni na mwiko mkononi, na ndagala zikaungua mpaka moshi ukatutoa nje.

Tulimzika kesho yake mapema, kwa haraka, kwa sababu makaburini nako hapakuwa na usalama. Baada ya hitma, watu walipokwishatawanyika, mama yake alikuja kwetu. Alikuwa amedhoofika mno. Alitoa ndani ya kanga yake kile kifuko cheusi. Alikuwa amekiosha na kukipaka mafuta, kiling'aa kuliko siku kilipotoka kwa fundi viti. Kwao na kwetu ilikuwa ni desturi: mtu akifa, alivyoazima virudishwe kwa wenyewe, asije akadaiwa huko aendako.

"Dada yangu, nimerudisha kitu yenu," akasema. "Nawashukuru. Alikipenda sana. Kila mutu alikuwa anamuonyesha."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Alifungua mdomo, nami nilijua anachotaka kusema, na mjomba alijua, akainamisha kichwa. Lakini alichosema ni asante tu. Yule mama alipoondoka, bibi alichukua sindano yake na kukifumua kifuko mshono kwa mshono, hadi vikabaki vipande vitupu vya ngozi, akavitia motoni. Vilinuka siku nzima. Baada ya hapo sikumwona akifuma tena. Vitambaa vilichakaa juu ya redio na juu ya chupa ya chai, tukavitoa kimoja kimoja, na hakuna aliyevirudishia. Mjomba aliifungia ajenda sandukuni, na betri zikavujia ndani yake zikaiua.

Sasa hivi nyumba ile ina wapangaji. Juzi walinikaribisha, wakanipa soda. Viti vyao viko uchi, na runinga yao kubwa iko uchi, na mtoto wao alinitazama nilipoushika msumari wa karibu na mlango, ambao wao wameutundikia funguo. Nyundo zimepungua, mafundi wengi wamekufa au wamehama, na siku hizi zikinyamaza hakuna anayeinua kichwa. Barazani hawakai tena wanawake wenye sindano. Wale ambao wangenikumbuka, mimi na wenzangu na kelele zetu, wamelala wote makaburini.

Bibi na yule mama waliendelea kunywa chai pamoja mpaka uzeeni. Wakikaa, mazungumzo hayakukosa kumfikia marehemu, na yakimfikia, yule mama hakukosa kukitaja kile kifuko, jinsi kilivyomkaa mwanawe kiunoni, jinsi bibi alivyokuwa na moyo mwema kumpa. Bibi alikuwa akimwongezea sukari kikombeni. Hakumwambia kamwe. Alishukuriwa mpaka siku ya kufa kwake.